Mke Aliyelisha Maini

Watu walipomuuliza Fundi Viatu mkewe anafanya kazi gani, alijibu, "Analisha maini." Kisha akarudi kwenye soli yake.

Wengine walicheka. Wengine walidhani mke ana bucha. Jirani mmoja alikuja na mfuko kabisa, akaomba awekewe nusu kilo, tena upande ule laini.

Fundi hakuwa mtu wa kueleza. Shule aliipita kwa nje tu. Aliyesoma ni mkewe, na hata huyo alipoeleza, watu walitoka na maswali mengi kuliko waliyoingia nayo. Alikuwa mwembamba, mrefu kumpita mumewe kwa kichwa kizima, na alitembea kama aliyebeba beseni la maji pomoni. Mtaani walimwita Mama Maini. Hakuchukia. Alisema ni afadhali hilo kuliko majina mengine anayopewa mwanamke ambaye hajazaa.

Sasa ni marehemu. Lakini habari hii ni ya wakati ule bado yupo, na nyumba ina watu wengi kuliko viti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maabara ilikuwa na chupa bapa za plastiki, kila moja kama kiganja. Ndani, kwenye sakafu ya chupa, zilinata chembe hai za ini la mtu. Mwenyewe alikufa zamani, nchi ya mbali. Ini lake likakataa kumfuata. Likaendelea kukua chupani, likagawanywa chupa kwa chupa, maabara kwa maabara, kama mche mzuri ambao kila jirani anaomba kipande. Chembe hizo zilikaa kwenye kabati lenye joto la mwili wa binadamu, zikinyweshwa maji mekundumekundu ambayo wafanyakazi waliyaita uji. Uji ukigeuka njano, ujue chembe zimeuchafua, zinataka mwingine. Mama Maini anautoa, anatia mpya. Zikijaa mno anazibandua, anazigawanya, anazipa chupa nyingine.

Zikishakomaa zinapelekwa chumba cha ndani, nyuma ya kioo, kwa watu waliovaa kama wanakwenda mwezini. Huko zinapewa virusi vya homa ya ini. Kwa makusudi. Kisha wataalamu wanatazama virusi vinavyoongezeka, ili siku moja wajue pa kuvikaba.

Fundi aliwahi kumuuliza, akiwa anatia nta kwenye uzi.

"Hicho kirusi kinakula nini?"

"Hakili."

"Kinazaaje sasa?"

"Hakizai. Kinazalishiwa. Kinaingia ndani ya ini mikono mitupu. Hakina jiko, hakina sufuria, hakina hata kijiko. Kimekuja na maagizo tu. Ini linaacha shughuli zake, linaanza kukitengenezea ndugu zake."

Fundi akavuta uzi. Akafikiri.

"Kama dada yangu," akasema.

Mke alicheka hadi akashika ukuta. "Na ini lenyewe," akaongeza akijifuta machozi, "wala halilalamiki. Linaendelea kama kawaida. Ukilitazama unasema ni zima. Ndiyo ubaya wa ugonjwa huu."

Hayo yalikuwa maneno ya chumbani, mlango umefungwa. Chumbani Fundi alikuwa simba.

Dada aliyetajwa alikuja kutibiwa macho, kwa wiki moja. Macho yakapona, yeye akabaki, na sasa alikuwa anaona kila kitu. Alihamisha chumvi. Alihamisha kitanda. Chuma cha kupigia soli alikikuta kibarazani, akakipeleka uani kwa sababu kinachafua mandhari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Fundi hakuwa na jembe. Alikuwa na sindano na gundi, na dada yake hakutaka hata kimoja. Wala Fundi asingethubutu kumpa. Mama yao alikufa mapema, na dada ndiye aliyemlea mdogo wake mgongoni mpaka akaota meno. Mtu aliyekubeba namna hiyo unamwambiaje chumvi ilikuwa rafu ya juu?

Basi akanyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko viatu.

Mambo yaliharibika kwa neno moja. Pale maabara, wafanyakazi wote waliziita zile chembe "watoto". Watoto wameamkaje. Watoto wamejaa. Watoto wa kabati la pili hawapendi huu uji mpya. Walisema hivyo tangu enzi, wakiwa wanakunywa chai, bila hata kujisikia.

Asubuhi moja Mama Maini alisimama barazani na simu sikioni. Wifi yake, yule dada wa Fundi, alikuwa dirishani anachambua mchele.

"Watoto wangu wamelalaje?" Mama Maini aliuliza. "Vizuri. Usiwafungulie mlango hovyo, watapata baridi... Hee! Wamejaa hivyo? Juzi tu nimewagawanya... Hapana, uji wa jana usiwape. Nakuja mwenyewe kuwalisha... Waliokufa? Aa, hao watie dawa ya madoa, uwatupe."

Ungo wa mchele ukaanguka.

Kesho yake Baba Mkubwa aliitwa. Huyu alikuwa mkubwa wa ukoo kwa sababu wengine wote walikuwa wameshakufa. Alikaa kwenye kiti kizuri, Wifi akakaa karibu yake kama karani wa mahakama. Fundi alikaa kwenye kigoda chake, ana kiatu cha mtu mkononi.

"Mkwe wetu," Baba Mkubwa alianza, "tumesikia una watoto."

Mama Maini akadhani wanamtania. "Ninao, baba."

"Unakiri?"

"Nikatae nini?"

"Wangapi?"

"Leo asubuhi? Mamilioni."

Baba Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na baba yao ni nani?"

"Alishafariki. Alifariki kabla mimi sijazaliwa."

"Mwanangu," Baba Mkubwa akamnong'oneza Wifi, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "umeniita kwenye kesi au kwenye uchawi?"

Ndipo Mama Maini akaelewa, akaeleza. Chupa. Joto. Uji. Ini la marehemu wa mbali. Kirusi kinavyoingia. Alieleza polepole, kama anavyoeleza mtu aliyezoea kutoeleweka. Alipomaliza, Fundi alidhani yamekwisha. Akaanza hata kupitisha sindano.

"Hebu niweke sawa," Wifi akasema. "Unawalea."

"Ndiyo, wifi."

"Unawapa joto. Unawalisha hata Jumapili, harusi ya mdogo wako mwenyewe hukwenda kwa ajili yao."

"Ini halijui Jumapili."

"Halafu wakishanona, unawapa ugonjwa."

"Ndiyo. Ili watu wasi..."

"Basi ndiyo maana Mungu hakupi wa kwako."

Hata Baba Mkubwa alitazama pembeni. Kisha macho yote, moja moja, yakamgeukia Fundi. Mke pia alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe, anajua mwenye nyumba yumo.

Fundi aliinua kile kiatu.

"Kuna mtu nimemwahidi hiki kiatu leo," akasema. Akatoka.

Hukumu ilitolewa nyuma yake. Mke aache kazi ya maini, abaki nyumbani, mwili utulie, apate mtoto wa kweli. Akikataa, Fundi atafutiwa mke mwingine, na huyu wa sasa ataamua mwenyewe kama anakaa au anakwenda. Lakini kwanza, alisema Wifi, ukoo uende maabara ukaone kwa macho. Mtu hawezi kuhukumu maini ambayo hajayaona.

Jioni mke alimkuta Fundi chumbani, amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Maneno ya dada yako si kitu," akamwambia. "Ni mdomo wake, namjua. Kilichonikata maini ni kimya chako."

"Nitasema."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Nafasi ulipewa leo, ukaenda nayo uani." Alivuta begi chini ya kitanda, akaliweka juu ya kiti, wazi. "Nangoja neno lako, Fundi. Ukiniambia niondoke, nitaondoka. Usiponiambia kitu, nitaondoka vilevile. Ila hilo la pili litaniuma zaidi."

Nguo zikaanza kuingia begini, moja leo, moja kesho. Fundi aliziona. Akazihesabu kimoyomoyo kama mgonjwa anavyohesabu pumzi, na kila siku alipanga kusema kesho.

Jumamosi ukoo ukaenda maabara.

Daktari Mkuu aliwapokea mlangoni. Huyu alipenda wageni. Alikuwa na hotuba moja, ndefu, aliyowapa wafadhili, akawapa wanafunzi, na siku moja akampa fundi bomba aliyekuja kuziba bomba. Aliwavalisha makoti meupe yenye mifuko mikubwa. Baba Mkubwa alivyojiona kwenye kioo, akaacha kuinama.

"Ndugu zangu," Daktari Mkuu alisema, "ini ni kiwanda. Kirusi ni mwekezaji asiye na mtaji!" Akangoja wacheke. Alicheka yeye.

Chumba cha kwanza ndicho cha Mama Maini. Kina wazima tu, kwa hiyo wageni wanaruhusiwa. Alitoa chupa moja kabatini, akaiweka chini ya darubini, akamkaribisha Baba Mkubwa.

"Unaona, baba?"

"Naona! Naziona! Ndefu, nyeusi, zinachezacheza."

"Hizo ni kope zako, baba. Usogee nyuma kidogo."

Akasogea. Akasema sasa anaona vizuri. Ilikuwa wazi haoni kitu, lakini mtu wa koti jeupe hawezi kukiri.

Nyuma ya kioo waliwaona wale wa mwezini, na chupa zao mezani.

"Wagonjwa ni wapi?" Wifi akauliza.

"Zile za kushoto," alisema Daktari Mkuu. "Za kulia ni nzima."

"Mbona zinafanana?"

"Swali zuri sana! Kirusi hiki hakiui chembe. Kinaishi humo, kinaongezeka, na nyumba haionyeshi hata ufa."

"Wewe unajuaje kama ni za kushoto?"

"Zimeandikwa."

"Kumbe anayejua ni kalamu," Wifi akasema.

Daktari Mkuu akasema maswali yasubiri mwisho wa hotuba. Akawaongoza ofisini kwake wakapige picha chini ya picha yake. Mama Maini akafuata kuandaa chai. Fundi akafuata kwa sababu wengine wamefuata. Wifi alisema miguu imevimba, akabaki kwenye kiti, peke yake, na lile kabati mbele yake.

Tuwe wakweli. Wifi hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na jiko. Tangu akiwa msichana alipika harusini na misibani, na kuna jambo moja alilijua kuliko wote waliokuwa kule wanapigwa picha: maini hayakai kwenye joto. Unayanunua asubuhi, mchana yameshanuka. Aliponyanyuka, akafungua lile kabati, fukuto likampiga usoni kama la oveni. Alishtuka. Wasomi wote hawa! Akakusanya chupa moja moja, akazitia kwenye mifuko ya koti lake. Akatoka kwenye korido. Akapata chumba cha chai, na ndani yake friji, imeandikwa chakula cha wafanyakazi. Akaona ndipo penyewe. Akazipanga nyuma ya maziwa, akasogeza bakuli la wali wa mlinzi, akafunga. Akarudi kukaa. Moyo wake ulikuwa mweupe kama koti.

Jumapili Mama Maini alikwenda kulisha. Akakuta kabati tupu.

Aliyepiga kelele ni Daktari Mkuu. Alikuja na ndala, shati la kulalia. Akasema ni wizi. Akasema anao washindani, anawajua, wana wivu wa kitaaluma, na sasa wamefikia hapa. Akamwita mlinzi wa getini.

"Jana umeona mtu ametoka na maini?"

"Nyama haijatoka hapa, mkuu," mlinzi akajibu. "Ningesikia harufu."

Walitafuta makabati yote, wakatafuta kwenye jokofu kubwa la kuwekea uji, wakatafuta chini ya meza. Friji ya chai hakuna aliyeigusa. Nani atatafuta utafiti kwenye wali?

Mchana Mama Maini alirudi nyumbani, uso umemshuka. Fundi akasimama. Wifi alikuwa anapakua.

"Hujaniambia hata asante," Wifi akasema.

"Ya nini, wifi?"

"Maini yako. Nimeyatoa kwenye ile oveni. Wifi, nyie mmesoma, lakini jiko hamlijui. Yangeoza yale! Nimeyapanga kwenye friji yenu ya chakula, nyuma ya maziwa. Kula kwanza, yatakungoja."

Mama Maini alikaa chini, pale pale sakafuni, kama kitambaa kilichoanguka kwenye kamba. Kisha akainuka na kukimbia. Fundi akachukua baiskeli, akamkimbiza, akampakia.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza Fundi kusimama karibu naye kazini, wawili tu. Mke alitoa chupa moja nyuma ya maziwa, akaiinua kwenye mwanga. Chembe zilikuwa zimebanduka. Zinaelea vipande vipande, kama ukoko uliolowekwa.

"Baridi haiwafai?" Fundi akauliza.

"Hawa walikuwa tayari," mkewe akasema. Hakumtazama. "Unajua kuandaa? Chembe ya chupa haikikubali kirusi hivi hivi. Imesahau. Imekaa chupani miaka, imesahau kama ni ini. Unailisha wiki na wiki, chakula maalumu, mpaka ikumbuke. Walikuwa wameanza kukumbuka, Fundi. Walikuwa waingie chumba cha ndani wiki hii."

Akalia. Kwenye kikao cha ukoo hakulia. Fundi alishika kofia yake mikono miwili. Alifungua mdomo. Daktari Mkuu akaingia.

Daktari Mkuu alipoambiwa, kwanza alisikitika kuwa si washindani. Halafu akatafuta wa kubeba mzigo. Mwenyewe alikuwa anatoa hotuba, mashahidi ni ukoo mzima. Mlinzi alilinda geti, si friji. Aliyebaki ni mwenye wageni.

"Kaa nyumbani kwanza," akamwambia Mama Maini. "Mpaka nijue nitawaambia nini wafadhili."

Habari ilimfikia Baba Mkubwa kabla ya jioni, na kesho yake kikao kikaitishwa tena. Safari hii walikuja na furaha. Wifi alikuwa amepika. Mungu ameamua, walisema, bila hata kumsumbua mtu. Kazi imekwisha yenyewe.

Mama Maini alikaa karibu na mlango. Begi lilikuwa miguuni pake, limefungwa.

"Mkwe," Baba Mkubwa akasema kwa upole, "maini yamekufa. Poleni. Sasa utakaa nyumbani."

"Hayajafa yote, baba. Mbegu ipo. Tunaitunza kwenye barafu kali sana. Naweza kuanza upya."

Wifi akapiga makofi. "Mmesikia? Barafu! Hao wa kwenye barafu hawafi. Wa kwangu, friji ya kawaida tu, wamekufa. Nani mchawi hapo?"

"Hoja nzito," Baba Mkubwa akasema.

"Wale wanatiwa dawa kwanza, wifi. Wanashushwa polepole."

"Ungeniambia!"

"Hukuuliza."

"Nimuulize nani, na wote mmekwenda kupigwa picha?"

Wifi akaona ameshinda, akazidi. "Wifi, hii nyumba ina mwenyewe, na ina ukoo. Chagua. Hayo maini, au ndoa."

Mama Maini alimtazama mumewe, mara moja tu. Kisha akainama, akashika mkono wa begi.

Fundi alisimama. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akisimama kikaoni, walidhani anakwenda uani, wakamsogezea njia.

"Dada," akasema.

Akaanza tena.

"Dada, mama alipokufa ulinibeba. Sijasahau. Lakini nina mvi sasa. Nishushe."

Wifi akabaki na mwiko hewani.

"Kesho," Fundi akaendelea, na kila neno lilikuwa kama analitoa kwa koleo, "tutakwenda wote kwa yule Daktari. Utamwambia wewe mwenyewe ulifanya nini. Baadaye nitakusindikiza stendi."

"Unanifukuza?"

"Nakusindikiza."

"Mimi! Kwa ajili ya maini ya chupa!"

"Kwa ajili ya mke wangu. Lile neno ulilomwambia hapa, la Mungu kumnyima. Lile ulikosea. Na mimi nilikosea zaidi, nilikuwepo."

Baba Mkubwa akakohoa. Aliona kikao kinamponyoka.

"Na yule mke wa pili? Tulishaanza kuulizia."

"Huyu mmoja tu sijamaliza kumsikiliza, Baba Mkubwa," Fundi akasema. Akakaa.

Watu walikula, kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshaiva na ugomvi haurudishi wali kwenye gunia. Wifi alisema chumvi imezidi, halafu akakumbuka nani kapika.

Chumbani mke aliweka begi juu ya kitanda.

"Umechelewa," akasema.

"Najua."

"Umechelewa sana, Fundi."

"Najua."

Akaanza kutoa nguo. Alizitoa moja moja, bila haraka, anasimama katikati, anamtazama, kama anayejaribu kiatu kipya kabla hajakilipia. Fundi hakukimbia. Gauni la mwisho lilipotoka, giza lilikuwa limeshaingia na hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

Kwa Daktari Mkuu, Wifi alisema yote. Alisema kwa majivuno, hakuficha hata bakuli la mlinzi. Daktari Mkuu alisikiliza, na taratibu uso wake ukafunguka. Aliuliza friji ilikuwa na baridi kiasi gani. Aliuliza chupa zilikaa muda gani. Miezi michache baadaye alisafiri kwenye mkutano wa wataalamu, akasimama mbele ya watu akaeleza kwamba yeye na wenzake wamechunguza jinsi baridi inavyozibandua chembe za ini. Alipigiwa makofi. Wifi hakutajwa, na aliposikia alikasirika kweli, akasema wasomi wote wezi.

Mama Maini alirudishwa kazini wiki ile ile. Hakuombwa radhi. Walitafuta mwingine wa kulisha Jumapili, hakupatikana.

Alianza upya kwa ile mbegu ya barafu. Alilisha miaka mingi. Dawa ya kukikaba kirusi hawakuipata wao. Walipata kipande kidogo cha njia, wenzao wa mbali wakapata kingine, na mwenyewe alisema ndivyo inavyokuwa, hakuna anayejenga daraja zima. Mtoto hakupata. Walikoma kuulizwa, maana kila aliyeuliza, Fundi alimjibu, tena kwa kirefu.

Ndiyo. Kinywa kikishafunguka hakirudi kuwa kama zamani. Jumapili alimpeleka mkewe kazini na baiskeli, njia nzima anamsimulia: fulani kaleta viatu vyote viwili vya kushoto, fulani anavaa namba ndogo kwa ubishi. Mke alikaa nyuma, anacheka mgongoni kwake. Alikuwa mvumilivu. Ameshasikiliza viumbe wasiosema kitu maisha yake yote, akasema, huyu anayesema ni likizo.

Presha ndiyo iliyomchukua. Ini lake madaktari walilikuta zima.

Siku hizi majirani wanasema mzee ameanza kuongea peke yake pale barazani, viatu vimejaa mapajani. Mmoja alimwambia usoni. Fundi alikata uzi kwa meno, akasema haongei peke yake. Anaongea na mkewe. Ni vile tu zamu hii, mwenye kunyamaza ni yeye.